Jaji wa Mahakama Kuu akikosa, twende wapi?

Basi la usiku linalotoka Mombasa kwenda Nairobi huipita kaunti ya Makueni wengi wetu tukiwa tumelala. Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, zote hizo ni Makueni, na sisi watu wa Pwani twazijua kwa chai ya haraka na vyoo vya kulipia. Mimi nina sababu ya kushuka njiani. Dada yangu ameolewa Kibwezi, na hivi majuzi nilikwenda kumjulia hali. Shemeji alikuwa na shughuli Wote, makao makuu ya kaunti, kisha Kitui kwa barabara ile ya Mutomo, nami nikafuatana naye. Shughuli yenyewe ilikuwa kutafuta mtu wa kumshauri juu ya kesi.

Kesi nitaieleza kwa ufupi na mahakama siitaji, ila niseme tu kwamba si ya Wote wala ya Kitui. Shemeji alikuwa na ubia wa kituo cha mafuta. Mbia wake akajitwalia mali. Madai yalizidi shilingi milioni 20, na hicho ndicho kikomo cha hakimu mkuu katika Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, kwa hivyo kesi ikabidi ianzie Mahakama Kuu. Mashahidi wakasikizwa, mawakili wakamaliza maneno yao, jaji akapanga siku ya hukumu. Siku ilipofika, hukumu haikuwa tayari. Ikapangwa siku nyengine. Mara ya tano wakaambiwa itasomwa "kwa ilani", maana yake kaeni mtaitwa. Ukapita mwaka na ushei. Halafu akazuka mtu, si wakili wala si karani, mmoja wa wale washindao kwenye mabenchi ya mahakama, akamwambia shemeji faraghani kwamba faili imelala kwa sababu hakuna aliyeiamsha.

"Shemeji," akaniambia tukiwa njiani, "huyo mtu anataka laki tatu. Sijui kama jaji anamjua ama hamjui. Sasa wewe ndiwe mwandishi. Jaji wa Mahakama Kuu akikosa, mimi nimshitaki wapi?"

Mimi si wakili. Nina diploma ya uandishi wa habari na miaka mingi ya kukaa kwenye mabenchi yayo hayo nikiandika. Lakini swali la shemeji nimeulizwa Majengo, nimeulizwa Malindi, na hata barazani baada ya Isha. Latuhusu sisi Waislamu pia, maana rufaa kutoka kwa kadhi huenda Mahakama Kuu. Mirathi ya bibi yako au talaka ya binti yako yaweza kuishia mbele ya jaji wa Mahakama Kuu. Basi nimeona niliandike jawabu kwa kadiri ninavyolijua.

Kwanza, ajabu ya swali hili kuulizwa barabara ya Kitui. Sheria inayolijibu ilipita mikononi mwa watu wa sehemu zile zile. Katiba ilipopitishwa mwaka 2010, Waziri wa Haki alikuwa marehemu Mutula Kilonzo, mbunge wa Mbooni, ambaye baadaye alikuwa seneta wa kwanza wa Makueni kabla ya kufariki Aprili 2013. Jaji Mkuu wa kwanza kuteuliwa chini ya Katiba hiyo, Dkt. Willy Mutunga, ni mzaliwa wa Kitui, na sheria aliisomea Dar es Salaam. Na Profesa Kivutha Kibwana, gavana wa kwanza wa Makueni, alikuwa mwalimu wa sheria aliyesimama mstari wa mbele katika madai ya katiba mpya tangu miaka ya 1990. Hawa watatu wametoka nchi kavu ambako mtu huhesabu mitungi ya maji, na labda ndiyo maana walijua hesabu.

Kabla ya hapo raia hakuwa na mlango. Chini ya katiba ya zamani, mwendo wa kumwondoa jaji ulianzia kwa Jaji Mkuu na kuishia kwa Rais. Mwananchi mwenye lalama alibaki kulalama. Ndipo likazagaa lile neno la mjini kwamba ya nini kumlipa wakili ilhali jaji yuauzwa. Mwaka 2003, serikali ya Kibaki ilipoingia, kamati ya Jaji Aaron Ringera ilitoa ripoti iliyowataja majaji 5 kati ya 9 wa Mahakama ya Rufaa, majaji 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu, na mahakimu 82 kati ya 254. Majina yakatoka magazetini. Majaji wakapewa wiki mbili, ajiuzulu anayetaka, na asiyetaka akabili jopo la uchunguzi.

Watu walishangilia, na mimi nilikuwa kijana nikashangilia nao. Leo siwezi kusema ile ilikuwa haki kamili. Wengi waliondoka kimya bila ya kuhojiwa, na wako waliobaki kupigania majina yao wakaonekana hawana hatia. Jaji Philip Waki ni mmoja wao. Alisafishwa na jopo, akarudi kazini, na miaka michache baadaye nchi nzima ikamwamini na tume ya kuchunguza machafuko ya uchaguzi wa 2007. Fikiria angelikata tamaa ndani ya zile wiki mbili.

Baada ya Katiba mpya ukaja mchujo wa pili, safari hii kwa sheria maalumu ya 2011. Bodi iliyoongozwa na wakili Sharad Rao, ikiwa na majaji kutoka nje akiwemo Albie Sachs wa Afrika Kusini, ilimhoji kila jaji aliyekuwa kazini. Aprili 2012 bodi ilisema majaji wanne wa Mahakama ya Rufaa hawafai kuendelea. Ule ulikuwa mchujo wa mara moja tu. Tangu hapo, njia ya kudumu ni kifungu cha 168 cha Katiba.

Kifungu hicho chataja sababu tano za kumwondoa jaji: maradhi ya akili au mwili yanayomzuia kufanya kazi, kuvunja kanuni za maadili ya majaji, kufilisika, kutoiweza kazi, na utovu mkubwa wa nidhamu. Anayeanzisha jambo ni Tume ya Huduma za Mahakama peke yake, ile tuitayo JSC, ama kwa kuamua yenyewe au kwa kupokea ombi la mtu. Na mtu hapa ni mtu yeyote. Katiba haitaki uwe wakili wala uwe na wakili. Yataka ombi liwe kwa maandishi, na lieleze matukio yanayodaiwa.

Tume ina watu 11 na Jaji Mkuu ndiye mwenyekiti. Ndani yake mna majaji, hakimu, mawakili wawili waliochaguliwa na wenzao, Mwanasheria Mkuu, na wawakilishi wawili wa umma, mke na mume, ambao lazima wasiwe wanasheria. Tume ikiridhika kwamba ombi lina msingi, hulipeleka kwa Rais. Rais hana hiari hapo. Ndani ya siku 14 humsimamisha jaji na kuunda jopo la uchunguzi la watu saba. Jaji aliyesimamishwa hupata nusu mshahara mpaka mambo yaishe. Jopo likipendekeza aondolewe, ana siku 10 za kukata rufaa Mahakama ya Juu. Asipokata, au akikata akashindwa, Rais hufuata lililopendekezwa.

Hapa Pwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Jaji Said Juma Chitembwe aliwahi kukaa Mahakama Kuu ya Malindi, na wengi wenu mmesimama mbele yake. Mwaka 2021 alikuwa mmoja wa majaji watatu waliokataa kumrudishia Mike Sonko ugavana wa Nairobi. Novemba mwaka huo huo Sonko akaanza kumwaga mitandaoni kanda za video na sauti zilizodaiwa kumwonyesha jaji akizungumza na watu mambo ya kesi, ikiwemo kesi ya ardhi iliyokuwa mbele ya jaji mwengine huko Malindi. Maombi yakafika JSC. Mei 2022 Rais Uhuru Kenyatta akamsimamisha na kuunda jopo chini ya Jaji Mumbi Ngugi. Februari 2023 jopo likapendekeza aondolewe, na mwishoni mwa mwaka huo Mahakama ya Juu ikakubaliana nalo.

Wakati ule nilisikia watu wetu wakisema anaonewa kwa kuwa ni mtu wa Pwani na Muislamu, na aliyemshitaki ana kisasi. Kisasi huenda kilikuwepo. Lakini lililoulizwa na jopo ni je, jaji alijiingiza na wenye kesi au hakujiingiza, na aliyeleta habari awe malaika awe nani, jawabu halibadiliki. Twaisoma sote ile hadithi ya makadhi wa aina tatu, na hatukuambiwa humo kwamba kadhi wa kwao husamehewa.

Kesi hiyo ilionyesha kwamba shoka hukata. Sasa tazama nyengine iliyoonyesha mpaka wake, na hii ndiyo iliyo karibu na shida ya shemeji. Jaji Martin Muya alitoa amri mwaka 2017 katika kesi iliyohusu benki, akaahidi kutoa sababu zake baadaye, na sababu zikachelewa kwa miezi. Benki ikalalamika JSC. Jopo likaundwa mwaka 2019, nalo likapendekeza aondolewe. Akakata rufaa. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikamrudisha kazini. Haikusema alifanya vyema. Ilisema kuchelewa kule kulikuwa kosa, lakini si kosa la kiwango cha utovu mkubwa wa nidhamu unaomtoa mtu kwenye ujaji.

Mimi naona uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa jaji. Ela umetuonyesha tundu lililo katika sheria yetu. Jaji wa Mahakama Kuu ama afukuzwe kabisa, au asiguswe. Hakimu akikosa, au kadhi, JSC yaweza kumchunguza na kumwadhibu yenyewe kwa kadiri ya kosa lake. Katiba imeipa uwezo huo waziwazi. Kwa jaji, Katiba haikutaja onyo, wala karipio la maandishi, wala kumtaka asiongezewe faili mpaka amalize viporo. Kwa hivyo mlalamishi mwenye neno dogo lakini la kweli, hukumu iliyochelewa miaka miwili, jaji aliyemtukana shahidi, jaji asiyefika kazini kwa wakati, huambiwa kwamba lake halikufika kiwango cha kumwondoa mtu. Na kweli halikufika. Lakini ni dhulma hata hivyo, na mwenye kudhulumiwa hurudi nyumbani mikono mitupu.

Jirani zetu Tanzania walilifikiria hili. Katiba yao, ibara ya 113, huipa Tume ya Utumishi wa Mahakama uwezo wa kuchunguza malalamiko juu ya majaji na kuchukua hatua za kiutawala mbali na zile za kumwondoa. Sisemi mahakama zao hazina makosa. Nasema ngazi ya katikati ipo kwenye karatasi, na sisi hatunayo. Na tukizungumza juu ya jirani, msisahau kwamba mwaka 2012, alipochunguzwa Naibu Jaji Mkuu wetu Nancy Baraza kwa kisa cha kumtisha askari wa kike kwenye jengo la maduka Nairobi, aliyeongoza jopo alikuwa Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Zanzibar na Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania. Jopo likasema hafai, naye akajiuzulu Oktoba mwaka huo. Askari wa mlangoni dhidi ya Naibu Jaji Mkuu, na askari akasikizwa. Mwenyekiti wa JSC wakati huo alikuwa Mutunga, mkubwa wake kazini.

Kuna neno la khofu pia, na Wote nililiona kwa macho. Zamani mtu wa Makueni au Kitui mwenye kesi ya Mahakama Kuu alipanda gari hadi Machakos. Sasa kila moja ya kaunti hizo mbili ina kituo chake, na hiyo ni neema. Lakini kituo kidogo huwa na jaji mmoja tu au wawili, kama ilivyo kwetu Voi na Garsen. Ukimshitaki leo, kesho kesi ya ndugu yako iko mbele yake, na wakili wako ana kesi kumi mbele yake. Wakili tuliyemwona Wote, mzee mpole sana, alimsikiza shemeji mpaka mwisho kisha akasema, "Barua nitakusaidia kuiandika, lakini jina langu usilitie." Sikumlaumu.

Basi shemeji afanye nini? Tulilijadili mpaka Kitui, na haya ndiyo tuliyoyakusanya.

La kwanza ni kutenganisha rufaa na lalama, na hapa ndipo wengi hupotea. Ukiwa huridhiki na hukumu, jaji kaisoma sheria visivyo au kampa ushindi asiyestahiki, dawa yake ni rufaa Mahakama ya Rufaa. JSC haibadilishi hukumu. Katiba, kifungu cha 160, humkinga jaji asishitakiwe kwa alilolifanya kwa nia njema katika kazi yake ya kuhukumu, na ni vizuri iwe hivyo, la sivyo kila tajiri aliyeshindwa angemburura jaji kortini. Lalama ni juu ya mwenendo: kachelewa, kapokea, kakutana na upande mmoja, hakujitoa ilhali ana maslahi. Kanuni za maadili za mwaka 2020 zimeyataja mambo ya aina hiyo.

Kuchelewa kuna kipimo chake. Kanuni za kesi za madai za 2010 zasema hukumu isomwe papo hapo au ndani ya siku 60 tangu kesi ilipomalizika kusikizwa. Siku hizo zikipita, jaji anatakiwa aandike sababu, nakala iende kwa Jaji Mkuu, na siku ya hukumu ipangwe. Shemeji hakuwa akilijua hili. Kwa hivyo barua yake ya kwanza haina haja ya kutaja hongo wala dhana. Itaje namba ya kesi, siku kesi ilipofungwa, na kila siku hukumu ilipoahirishwa. Iende kwa ofisi ya malalamiko ya Idara ya Mahakama, ambayo mkubwa wake ni Naibu Jaji Mkuu, na nakala kwa msajili. Jambo hilo laweza pia kuulizwa katika kamati ya watumiaji wa mahakama, ambamo polisi, mawakili, wazee na viongozi wa dini huketi pamoja. Sijui ni maimamu wangapi wetu huhudhuria vikao hivyo. Hili nalisema kwa uchungu kidogo.

Ama yule mtu wa laki tatu, yeye ni mas'ala mengine. Sheria ya Hongo ya 2016 humshika mpaji kama inavyomshika mpokeaji. Na kuna uwezekano mkubwa kwamba jaji hata hamjui. Yeye anauza subira ya watu. Hukumu ikija ni nzuri, ataambiwa asante. Ikija mbaya, atasema upande wa pili ulitoa zaidi. Mtu wa namna hiyo huripotiwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ambayo hata Mombasa ina ofisi. Shemeji aliposikia kwamba akilipa yeye naye ni mkosa, alinyamaza mpaka tukafika daraja la mbele.

Njia ya JSC ya kumwondoa jaji nilimwambia aiweke mwisho, na aitumie tu ikiwa ana ushahidi wa jambo zito. Si kwa sababu majaji wasiguswe. Ni kwa sababu ukipeleka neno la kuchelewa kwenye mlango wa kufukuza, litatupwa, na mfano wa Muya utatajwa. Isitoshe mlango huo umeanza kusongamana na wakubwa. Januari 2024 Rais William Ruto aliwashutumu majaji hadharani kwa ufisadi, bila ya kutaja jina, kisha akaonana na Jaji Mkuu Martha Koome Ikulu. Mapema 2025 maombi ya kutaka majaji wa Mahakama ya Juu waondolewe yalisimamishwa kwa amri ya Mahakama Kuu. Wanasiasa na mawakili wakubwa wana pumzi za vita hivyo. Mwenye kituo cha mafuta Kibwezi hana, na kwa ajili yake ndiyo nataka ile ngazi ya katikati itungiwe sheria: onyo liandikwe, litangazwe, lihesabiwe jaji anapoomba kupandishwa cheo. Wabunge wetu wa Pwani hawajapungukiwa na sauti. Na wamulizwe juu ya hili watakapokuja kutuomba kura.

Jioni ile Kitui tulikaa kwenye mkahawa karibu na msikiti, shemeji akaandika barua kwa mkono wake, karatasi mbili, tarehe moja moja. Nilimsaidia tahajia tu. Alipomaliza aliisoma tena, akaikunja, kisha akaniuliza, "Na wakisema ni kosa lakini si kubwa, itakuwaje?"

Nikamwita mwenye mkahawa atuongezee chai.